Kazi ya Milimita

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mchora ramani katika ofisi ndogo ya majengo, chini ya mzee ambaye kila mtu alimwita Milimita. Jina hilo mzee alilipata kihalali: hata kalenda hakuitundika ukutani mpaka apime pande zote mbili. Ndiye aliyemfundisha kazi, tangu kuchonga penseli hadi kutumia kompyuta, na alimwita mwanangu mbele za watu. Kisha Milimita akaugua, akalala kitandani miezi saba, akafariki. Ofisi haikumaliza mwaka baada yake. Ikafungwa, na mchora ramani akabaki nyumbani na bahasha ya vyeti.

Alizungusha bahasha ile ofisi kwa ofisi mpaka ikaanza kuchanika pembeni. Mdogo wake, aliyeuza vipodozi kwa simu na kuijua mitandao nje ndani, akamjia juu.

"Dada, siku hizi nani anasoma bahasha? Watu wanatafutana mtandaoni. Wewe huonekani, ni kama hujazaliwa!"

Wakakaa mezani wakafungua ukurasa kwenye mtandao wa watu wa kazi. Mdogo mtu akampiga picha dirishani, amevaa blauzi ya kuazima.

"Tabasamu kidogo basi. Unaomba kazi, hujafiwa."

Mchora ramani akatabasamu alivyoweza.

"Sasa weka kazi yako. Ile itakayomfanya mtu asimame aangalie."

Hapo ndipo alipokwama. Kazi zake mwenyewe zilikuwa milango, vyoo na mifereji ya maji. Lakini ndani ya kompyuta kulikuwa na picha ya kituo cha watoto wenye ulemavu. Badala ya ngazi, njia pana ya mteremko ilizunguka ua mpaka ghorofani, na mtoto wa kiti cha magurudumu alipita palepale walipopita wenzake. Njia ile aliibuni Milimita. Yeye alipokea karatasi za penseli, akazichora upya kwa usafi kwenye kompyuta.

"Si uliichora wewe?" mdogo wake akauliza.

"Niliichora."

Akaandika chini ya picha: *Moja ya kazi zangu ninazojivunia.* Jina la mzee hakulitaja. Alijiambia ataliongeza baadaye.

Siku tatu tu, picha ikasambaa. Watu asiowajua wakampongeza. Mkurugenzi wa kampuni kubwa ya usanifu akamwandikia kwamba mtu aliyebuni njia ile ndiye aliyekuwa akimtafuta. Wakapanga usaili wa video, Alhamisi saa nne asubuhi.

Jumanne alikuwa anaanua nguo simu ilipolia. Kulikuwa na maoni mapya chini ya picha, na aliyeandika alikuwa mjane wa Milimita.

*Hongera mwanangu kwa kuikumbuka kazi ya baba yako. Aliichora kitandani, mimi nikimshikia ubao. Leo watu wameiona.*

Akasoma mara tatu, nguo zimemjaa mkononi. Mkurugenzi angeyaona maneno yale. Kidole kikatangulia akili: akayafuta. Kisha akaendelea kuanua nguo. Wala hakumweleza mdogo wake.

Asubuhi yake simu ikalia tena.

*Mwanangu, jana niliandika naona hayakuingia. Simu yangu hii mbovu, unisamehe. Nilisema hongera, na kwamba baba yako angefurahi.*

Mchora ramani aliketi kwenye kizingiti cha mlango. Angeweza kufuta tena, na mama yule angeendelea kuilaumu simu yake. Alipolifikiria hilo, aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Akachukua mkoba, akatoka.

Mjane aliishi vyumba viwili nyuma ya duka la uchapishaji. Alimkuta anapiga pasi.

"Karibu mwanangu! Afadhali umekuja, uniangalizie na simu hii."

"Mama, simu yako nzima."

"Nzima wapi? Jana niliandika—"

"Uliandika. Mimi nikafuta."

Mjane akaisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani.

"Ulimfuta baba yako?"

"Nilimfuta. Kuna watu wanataka kunipa kazi, mama. Wanadhani nimebuni mimi."

Mashine za uchapishaji zilinguruma upande wa pili wa ukuta. Mjane alikunja shati lililokuwa mezani, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ungemwomba angekupa," akasema. "Angekupa na kalamu yake juu. Lakini alikuwa hawezi hata kukaa. Nilimwegemeza na mito mitatu. Akichora mstari mmoja, anafumba macho, anapumzika. Mistari yote ile."

Mchora ramani akalia. Mjane hakumbembeleza.

"Nenda ukaseme," akamwambia, na kuchomeka pasi.

Mchana uleule aliandika upya chini ya picha: jina kamili la marehemu, alichofanya mzee, alichofanya yeye, na maoni aliyoyafuta. Akampelekea mkurugenzi habari hiyohiyo. Jibu lilikuja jioni: *Asante kwa kusema ukweli. Usaili wa kesho umefutwa.*

"Si ungepata kazi kwanza ndiyo useme!" mdogo wake akafoka.

"Ningeshaizoea, nisingesema tena," akajibu.

Wengine mtandaoni walimsifu, wengine wakamwita mwizi. Hakubishana nao. Akaanza kuweka milango yake, mifereji yake na vyoo vyake, akieleza kwa nini bawaba imekaa upande huu na maji yanaelekea kule. Ilipita miezi minne. Mkandarasi mmoja wa shule akampigia.

"Wewe ndiye dada wa vyoo?"

"Ndiye mimi."

"Njoo Jumatatu. Vyangu vinaziba kila wiki."

Kazi ikawa hiyo, ndogo kuliko aliyoikosa, nayo akaishika vizuri.

Siku moja mjane alimwita. Alikuwa ametoa sanduku la karatasi za penseli chini ya kitanda, anataka ziwekwe mtandaoni kwa jina la mumewe. Tangu hapo kila Jumamosi wanakaa pamoja: mjane anasimulia, mchora ramani anaandika. Hawacheki kama zamani. Kabla ya kuweka chochote, anamsomea mama yule neno kwa neno, anasubiri, na mjane akitikisa kichwa kukataa, anaandika upya.