Kiti cha Aliyeshindwa

"Kaa," alisema jaji. "Leo umeshindwa wewe."

Mtafiti wake akakivuta kiti cha karibu na dirisha, kile chenye mguu mfupi, akaketi. Ndivyo walivyofanya kila asubuhi ya hukumu. Jaji husoma kwa sauti, mtafiti hujifanya yule anayekwenda kushindwa, na asipoelewa kwa nini ameshindwa, basi hukumu haijaiva. Karani hakuacha kumtania. "Mzee wa Vitabu, umeshindwa kesi nyingi kuliko wezi wote wa mji huu!"

Leo alikuwa fundi bati. Fundi mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi, ndani ya shati la kuazima lililombana mabega. Kibanda chake cha kazi alikipanga watoto wake hawajazaliwa, kwa maneno ya mdomo tu. Sasa kiwanja kimepata mwenyewe mpya, naye anataka fundi atoke leo hii, bila notisi.

Jaji alisoma taratibu, miwani ikiwa puani. Alipofika kwenye kesi ya zamani, ile iliyosema mpangaji asiye na mkataba wa maandishi hana haki ya notisi, mtafiti alijiona mtu wa maana kidogo. Kesi hiyo aliichimbua yeye.

"Una swali, fundi?"

"Ninalo, Mheshimiwa. Huyo mwenzangu wa zamani alitolewa akanyamaza tu? Hakukata rufaa?"

Alilisema kwa mchezo. Kisha akaikumbuka rafu ya vitabu vya kesi. Rufaa aliitafuta kwenye juzuu lililofuata, hakuiona. Lakini je, lile ndilo lililofuata? Juzuu moja lilikuwa limechanika, likapelekwa kujalidiwa, na yeye kwa mikono yake akayasukuma mengine yakabanana, maana hawezi kuvumilia rafu yenye pengo.

"Mheshimiwa, naomba nitoke kidogo."

"Tunaingia sasa hivi, kaka."

"Najua."

Alishuka ngazi kwa mbio ambazo magoti yake yalikuwa yamezisahau.

"Taratibu, gundi mbichi hiyo!" mjalidi alimfokea. Mtafiti alikuwa ameshalifungua lile juzuu. Yule mpangaji alikata rufaa. Na akashinda.

Aliporudi na juzuu mkononi hakukaa. "Nimekosea mimi," alisema, akaeleza yote, mpaka habari ya rafu. Jaji alisoma ule ukurasa, akaurudia. Vidole vyake vilinata gundi.

"Kamwambie karani naingia," alisema. Basi.

Mtafiti alisimama nyuma ya chumba cha mahakama akingoja jina la cheo chake litajwe mbele za watu. Alishawahi kufanya kazi chini ya wakubwa wengi, na kwa wote kosa liliteremka chini kama maji.

"Hukumu haiko tayari," jaji alisema. "Mahakama haikusoma vya kutosha. Kosa ni langu. Mrudi Ijumaa, na mpaka hapo mtu asiguse kibanda."

Wakili wa mwenye kiwanja alinyanyuka, akanung'unika, akakaa. Mtafiti aliinamia viatu vyake. Neno "langu" lilimwingia kama uji wa moto kwa mtu mwenye njaa.

Ukumbini fundi alimshika mkono. "Ndugu yangu, mimi sijaelewa. Nifungashe vyombo, au nisifungashe?"

"Siruhusiwi kukwambia kitu. Ila umesikia mwenyewe, mtu asiguse."

"Basi ngoja nikamalizie birika la watu."

Ijumaa asubuhi rafu ilikuwa na pengo wazi kama jino lililong'oka, na mtafiti aliliacha hivyo hivyo. Alikuta vikombe viwili vya chai mezani kwa jaji. Akaanza kwenda dirishani.

"Hapana," jaji alisema. "Karatasi hizo hapo. Soma wewe."

Jaji akapita mwenyewe, akaketi kwenye kiti chenye mguu mfupi. Kiti kikayumba. Akavua miwani, akaweka mikono magotini kama mtu wa benchi la nje.

"Haya, mimi ndiye mwenye kiwanja," alisema. "Nieleze."

Mtafiti alizichukua karatasi, akaanza kumsomea kwa nini ameshindwa. Jaji alimsikiliza. Chai ilikuwa ikifuka moshi katikati yao.