Abiria wa Keria

Kabla hakujapambazuka, birika dogo la kahawa lilianza kukoroma jikoni, likatema mvuke, likanyamaza. Nives alikuwa ameshaamka. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha nyumba ya wageni, akivuta soksi gizani, na kichwani alikuwa na jambo moja tu: leo atamwomba mtoto aongee.

Jikoni aliwakuta Duilio na dada yake Graziella wakinywa kahawa wamesimama. Wote watatu ni wazee wa Feltre, upande wa Italia. Kila Juni huvuka mpaka na baiskeli zao kuingia Uswisi, wakateremka bonde la Sorava kutoka bwawani hadi darajani. Bwawa lenyewe Duilio alilijenga ujanani, yeye na Sandro, marehemu mume wa Nives.

"Umeongeza upepo gurudumu la nyuma?" Duilio aliuliza.

"Jana jioni."

"Ongeza tena. Mwaka jana tairi lako lilikuwa chapati, mtoto anarushwarushwa kama gunia la viazi."

"Wee, mwache mwenzio," Graziella akasema. "Keria yako mwenyewe umeifunga kwa waya kama banda la kuku."

Walicheka kwa pumzi tu, bila sauti. Ndivyo walivyozoea kucheka wakiwa upande huu wa mpaka.

Watoto walikuwa wakiwangoja kijiji cha juu, penye hori la mawe wanaponyweshea ng'ombe. Walikuwa na masweta yao ya kufumwa, nywele zimechanwa kwa maji. Duilio akampakia binti yake, Graziella akampakia wake. Ivo, mtoto wa Nives, alipanda mwenyewe, akamshika mama yake kiunoni. Tairi la nyuma likadidimia kidogo. Alikuwa na miaka mitano na uzito uleule, kama kila Juni.

Ivo mtu mzima alikuwa Torino, na mvi zake, akiuza miwani. Hakuna aliyeona ajabu kwamba yuko Torino na pia yuko hapa. Kwenye simu huongea kidogo sana, hata Nives hulazimika kuuliza, "Ivo, upo?" Naye hujibu, "Nipo, mama," kwa sauti ya mtu aliye nyuma ya ukuta. Nives akishakata simu huendelea kuishika sikioni, kwa vile bado ina joto.

Miaka ile ya kujenga bwawa, kibali cha kazi ya msimu kilimruhusu mgeni kuingia Uswisi na mikono yake, si na mwanawe. Waliokuja na watoto waliwaficha. Nives alikuwa akifua mashuka ya hoteli, na kila asubuhi alimfungia Ivo chumbani kwa ufunguo. Alimfundisha kutembea kwa soksi, kukohoa ndani ya mto, kulia na mdomo umefumbwa. Ivo alikuwa mwepesi wa kujifunza. Kufikia majira ya mapukutiko, hata mama yake alikuwa akifungua mlango bila kujua kama mtoto yumo.

Waliteremka kwa mstari mmoja. Majani yalikuwa yamekatwa jana na bonde zima lilinukia. Waendesha baiskeli wengine wakiwa kundi hupigiana kelele, shimo! gari! mchanga! na neno hupokezanwa toka wa mbele hadi wa mwisho. Hawa watatu hawakupiga kelele. Duilio, aliyekuwa mbele, alionyesha shimo kwa kidole, Graziella akarudia, na Nives, aliyekuwa amegeuka kumtazama mtoto, hakuona kitu. Gurudumu la nyuma likatumbukia. Ivo akaruka, akatua, akajing'ata ulimi. Hakutoa hata mguno.

Nives alifunga breki, akashuka. Damu ilikuwa imejichora kwenye mdomo wa chini wa mtoto.

"Umeumia, baba?"

Ivo akatikisa kichwa kukubali.

"Basi lia. Lia tu. Hapa kuna ng'ombe peke yao."

Ivo aliangalia huku na huku. Kisha akaweka kidole kwenye midomo ya mama yake, kumnyamazisha.

Nives akampangusa damu kwa mkono wa sweta lake, wakaendelea.

Palikuwa na mkulima anageuza majani yakauke, kando ya njia. Alivua kofia kumsalimia Nives, macho yake yakashuka hadi kwenye keria, yakakaa pale kidogo, kisha yakapanda mawinguni.

"Mvua itanyesha," akasema.

Wenyeji waliwaona watoto. Waliwaona miaka yote. Walikuwa watu wa adabu, na adabu yao ilikuwa kuangalia pembeni.

Jumapili hiyo barabara ya bondeni ilikuwa imeachiwa baiskeli, na penye daraja alisimama askari kijana na kifaa cha kuhesabia waendeshaji mkononi. Watoto hawavuki daraja lile. Kila mwaka hushuka hapo, wakarudi juu kwa miguu wameshikana mikono, na wazazi huendelea na magurudumu mepesi. Binti wa Duilio akashuka. Binti wa Graziella akashuka. Kifaa kikalia mara mbili, Duilio na dada yake wakapita.

"Mama, uko peke yako?" askari akamwuliza Nives.

"Peke yangu."

Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyovuta mguu akikanyaga moto. Nives alisikia vidole vidogo vikilegea kiunoni mwake. Alikuwa ameshakanyaga pedali mara moja. Hakukanyaga ya pili. Aliigeuza baiskeli palepale, akarudi mbele ya askari.

"Nimekudanganya," akasema. Sauti yake ilikwaruza, kwa kuwa hakuwahi kuipandisha katika nchi hii. Akaipandisha zaidi. "Niko na mwanangu! Anaitwa Ivo! Ana miaka mitano na amejing'ata ulimi!"

Ng'ambo ya daraja Duilio aligeuka, uso umemparara. "Nives! Nyamaza! Unataka watufukuze?"

"Watufukuze watupeleke wapi, na magoti haya ya uzee?" Graziella akamjibu. "Mwache aseme."

Askari alitazama keria. Alitazama kwa muda, sweta, nywele zilizochanwa, tone la damu lililokaukia kidevuni. Alikuwa na uso mwema, na pengine kwake mlikuwa na mtoto wa umri huo. Kisha akainua macho milimani, akabonyeza kifaa chake mara moja.

"Mmoja," akasema. "Pita, mama. Kuna foleni nyuma yako."

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Nives hakupita. Alisimama ameshika usukani, akihema, na hakujua afanye nini tena kwa kuwa alikuwa ameshasema yote. Maji ya mto yalikuwa mengi, yakinguruma chini ya daraja. Ivo akateleza kutoka kwenye keria. Wenzake walikuwa wameshaanza kupanda, wakasimama kumngoja. Hakuwafuata. Alikuja akasimama katikati ya mama yake na askari, magoti ameyabana, akajishika suruali kwa mkono mmoja. Akafumbua mdomo, na sauti yake ikafika hadi kwa wakulima waliokuwa wakigeuza majani mashambani, nao wakaangalia pembeni.

"Mama, nataka kukojoa."