Harusi Imeahirishwa

Jumatatu ile Mzungu aligoma kuongea, na Twalibu akajua papo hapo kwamba ni mambo ya mtani wake Stephano.

Alikuwa amekaa, akawasha mashine, akasubiri kama kawaida. Mashine ikasaga, ikanguruma, halafu badala ya ile sauti ya pua ya kila asubuhi, ukatoka muziki mfupi kama wa kengele za hotelini. Kisha kimya. Twalibu akatabasamu. Akajiegemeza kwenye kiti, mikono kifuani, akingoja mtu acheke nyuma ya pazia.

Mzungu mwenyewe hakuwa mtu. Kilikuwa kisanduku cha plastiki, saizi ya mche wa sabuni, kimeunganishwa na kompyuta kwa waya, na kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Twalibu alipofuka kwa surua akiwa mdogo, huko Mkuyuni. Sista mmoja Mholanzi aliyemfundisha kupiga chapa kwenye shule ya vipofu ndiye aliyemwachia mashine na kisanduku chake siku anarudi kwao. Kisanduku kilitengenezewa Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili kilikisoma kama padri aliyeshuka kwenye ndege jana. Kuna wateja wa ofisi yao ya kupiga chapa pale Msamvu waliokuwa wanaleta barua zisizo na haraka yoyote, ili tu wasikie majina yao yanavyoteswa.

Chumba na printa ni vya Stephano. Mashine na vidole ni vya Twalibu. Ubia wenyewe ndio huo, haukuwahi kuandikwa popote. Stephano Mnyamwezi wa Tabora, Twalibu Mluguru, watani wa jadi, na mtani hana kesi. Stephano aliwahi kuchomeka mstari kwenye barua ya mwalimu aliyekuwa anaomba uhamisho, Mzungu akausoma mbele ya mwalimu mwenyewe: "Aidha, mpiga chapa wa barua hii anatafuta mchumba, hata mwenye ndevu." Twalibu naye akawatangazia wadai wa Stephano kwamba jamaa amefariki. Wakaja na rambirambi, wakamkuta marehemu anatafuna muhogo.

Hata Magdalena, mke wa Stephano, alipofariki mwaka uliopita, wakampandisha kwao Mgeta kumzika, Twalibu alikwenda akakaa ukingoni mwa kaburi, miguu inaning'inia ndani. Akasema Mnyamwezi hazikii mke bure kwenye ardhi ya Waluguru, alete soda kwanza. Stephano alikuwa hajafungua mdomo tangu hospitali. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo, na kule kucheka ndiko kulikomfungulia kulia. Wazee wa Mgeta wakasema, huyu ndiye mtani.

Kwa hiyo Jumatatu ile Twalibu alisubiri bila wasiwasi.

"Kaka Twalibu, unangoja nini?" Alikuwa Jesca, dada wa kutoa fotokopi na kuuza bahasha.

"Namngoja mchumba wangu mwenye ndevu."

Jesca hakucheka. Akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Hapo ndipo Twalibu alipoacha kutabasamu.

Stephano aliingia na harufu ya mvua.

"Mtani," Twalibu akasema, "Mzungu kaenda likizo?"

"Nimebadilisha mfumo. Ile Dosi yako imeshapitwa. Nimeweka Windows, tisini na nane. Mji mzima umehamia huko. Sasa hivi soko huria, bwana, wewe baki na cherehani ya mkono uone kama hujashona viraka mpaka uzeeni."

"Na Mzungu?"

"Fundi Abdi aliniambia ataamka tu. Jana tumehangaika naye kutwa. Hakuamka."

"Basi mrudishe kwenye Dosi yake."

"Nitamrudisha. Barua zako zote nimezihamishia kwenye disketi, haijapotea hata moja. Nivumilie mpaka Jumapili ipite. Kuna kazi humo naimalizia."

"Kazi gani?"

"Harusi."

"Ya nani?"

"Yangu. Naoa, mtani. Kaa hivyo hivyo na wivu wako."

Twalibu akajua ni kadi za harusi ya mteja fulani, akacheka kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Mtani akirusha, unadaka. Lakini mikono yake ilikuwa juu ya kibodi, na kibodi ilikuwa imekufa. Alibonyeza herufi, hakuna aliyemwambia ni ipi. Alibonyeza nyingine. Ilikuwa kama kuongea na mtu aliyeshatoka chumbani.

Wiki hiyo alihamia kwenye benchi la mlangoni. Jesca ndiye aliyepiga barua sasa, kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa mchele wa wizi. Wateja wa Twalibu wakaja, wakasalimia, wakauliza Mzungu yuko wapi. Wakaambiwa anaumwa. Wakacheka, wakaondoka, wakapeleka barua zao duka la pili. Twalibu alipewa kazi ya kukunja bahasha. Jioni, wengine wakitoka, Stephano alibaki kwenye mashine na ile kazi yake, hataki kusemeshwa. Twalibu akiaga, anajibiwa "mm."

Jumatano alipanda kwenda Mkuyuni. Disketi za Dosi pamoja na ile ya kumwamsha Mzungu alikuwa amezihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, nyumbani kwa dada yake Asia. Ndani ya kopo aliweka mkaa ili zisipate unyevu. Alizipapasa moja moja, vile vibati vyake vya kuteleza vilikuwa laini, havina kutu. Akapumua.

Shemeji yake Kibwana alikuwa anamtazama. Twalibu alilijua hilo kwa jinsi alivyokuwa amenyamaza.

"Sasa shemeji," Kibwana akasema, "na hiyo mashine ikigoma moja kwa moja?"

"Haitagoma."

"Nauliza tu, si kwa ubaya. Maana pale stendi mabasi ya bara yote yanasimama. Kuna mwenzako mmoja anakaa karibu na choo, ana kisahani chake. Jioni anarudi na nyama."

"Kibwana, koma," Asia akasema.

Lakini Asia mwenyewe alikuwa ameshatandika. Twalibu alipokuwa anavuka chumba, mguu wake uligusa ukingo wa mkeka, pale pale kwenye kona, chini ya dirisha. Alikulia kwenye mkeka huo. Wenzake wakienda shamba yeye yuko hapo, wakienda shule yuko hapo, wakirudi wanamkuta hapo. Asia alikuwa ameutoa, ameukung'uta, ameurudisha mahali pake bila kuambiwa na mtu. Shemeji alitukana kwa mdomo, hilo linasameheka. Dada alikuwa amemwandalia mahali.

Asubuhi Twalibu alirudi mjini na kopo lake kwapani.

Jumamosi wino wa rangi ulikuwa unakuja na basi kutoka Dar, Stephano akaenda stendi kuupokea. Alitoka anapiga mluzi. Twalibu alikuwa hajausikia mluzi huo tangu msiba. Jesca naye akasema anakwenda kununua chapati. Twalibu alisikiliza kandambili zake mpaka zikaishia barabarani, akainuka, akafunga mlango na komeo.

Kuna watu wanaodhani kipofu hawezi kufanya kazi ile bila kusomewa. Twalibu aliijua Dosi kwa masikio. Alijua disketi ya kwanza hukohoa, hutulia, halafu husubiri, na kwamba kusubiri huko ni swali. Alijua swali lenyewe na herufi ya kulijibu. Aliingiza disketi, akawasha, akangoja kikohozi. Akaandika amri ya kufuta. Mashine ikatulia. Ilikuwa inamuuliza kama ana hakika, maana vyote vilivyomo vitakwenda na havitarudi.

Kidole kikabaki hewani. Aliwaza zile kadi za harusi ya watu. Kama angeweza kuziona angezitoa kwanza, kama Stephano alivyozitoa barua zake. Lakini kwenye mfumo ule hakuwa na jicho wala sikio. Ni kadi tu, akajiambia, Jesca atazipanga upya, bibi harusi haolewi na kadi. Na Jumapili ikipita itakuja Jumapili nyingine, na harusi nyingine, na yeye yuko kwenye benchi anakunja bahasha mpaka siku moja benchi litahitajika.

Akabonyeza.

Mashine ilisaga muda mrefu. Akabadilisha disketi, akajibu, akabadilisha tena, jasho linamtiririka mgongoni. Jesca akagonga mlango, Twalibu akamwambia asubiri kidogo. Mwisho akaingiza ile ya Mzungu. Kikohozi. Kimya. Halafu ile sauti ya pua ikasema neno lake la kwanza, kwa Kiingereza, kwamba iko tayari.

Twalibu akaweka kiganja juu ya kisanduku, akakiacha hapo. Kilikuwa kinatetemeka kidogo, kama zamani.

Kisha, kwa kuwa mtani hawezi kupiga bao akanyamaza, akaandika salamu na kuiweka tayari. Akafungua mlango. Jesca akaingia na chapati. Stephano alikuwa nyuma yake, bado anapiga mluzi. Twalibu akabonyeza.

"Keribyuu, mtanai," Mzungu akasema. "Haruusai imeahirishwa."

Mluzi ukakatika.

Twalibu alingoja kofi la mgongoni. Alingoja tusi la Kinyamwezi. Alisikia mfuko wa nailoni ukiwekwa mezani polepole, kama mtu anayeweka mayai.

"Umefuta?" Stephano akauliza.

"Nimefuta."

"Vyote?"

"Vyote. Mtani hana kesi."

Stephano alisogea. Akagusa kibodi, kidogo, hakubonyeza kitu. "Ni kweli," akasema. "Hana kesi." Akatoka, akaacha mlango wazi.

Jesca alikuwa analia, na hakuwa anaficha.

"Nini sasa? Kadi si zitapangwa nyingine?"

"Hakukuwa na kadi, Kaka Twalibu. Ilikuwa picha ya Dada Magdalena. Ile ya ukutani, picha yake pekee iliyobaki. Mvua iliingia kwenye fremu, ikagandana na kioo, ikaota ukungu. Kaka Stephano akaazima skana, ndiyo maana akaweka Windows, akaipiga picha hiyo pamoja na kioo chake. Alipojaribu kuibandua ikatoka kama uji. Ilibaki humo ndani peke yake, na ni kubwa, haiingii kwenye disketi. Ndiyo maana hakurudisha Dosi. Kila jioni anafuta ukungu usoni, nukta kwa nukta. Juzi alimaliza macho. Kesho si ndiyo misa ya mwaka? Alikuwa anangoja wino tu."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema akikwambia utamtania, atacheka, akicheka atalia, na akilia hawezi kushika mausi."

Twalibu aliketi. Magdalena kwake alikuwa sauti, na harufu ya mboga za Mgeta alizoshuka nazo, na mkono uliokuwa unamwongoza kuvuka barabara bila kumvuta. Hakuwahi kufikiria kwamba ana uso, na kwamba uso unaweza kumpotea mtu.

Fundi Abdi aliitwa jioni ile ile. Alihangaika, akashindwa, akafunga begi lake. Halafu, kama mtu anayeongea tu ili asinyamaze, akasema mbona mifumo yote miwili ingeweza kukaa pamoja, mashine moja hiyo hiyo. Ikiwaka unabonyeza kitufe, unachagua wa zamani au mpya. Kumbe hamkujua? Hakuna aliyeniuliza, akasema. Kila mmoja wenu alikuwa anamtania mwenzake.

Jumapili walipanda Mgeta wote, kwenye pikapu iliyokodiwa tangu wiki ya kwanza ya mwezi. Nafasi ya Twalibu ilikuwa imewekwa pembeni ya Stephano, na Stephano hakuibadilisha. Njia nzima magoti yao yaligongana kwenye kona. Baada ya misa, pale mezani palipokuwa na maua na mshumaa, Mama Scholastika, mama wa marehemu, akauliza, "Picha iko wapi, mwanangu?"

"Iliharibika na mvua, mama," Stephano akasema. Hakuongeza neno.

Watu walikula, wakanywa, halafu kama desturi mtu mmoja akasema mbona msiba umepoa, mtani yuko wapi, mwaka jana alitaka soda, mwaka huu anataka nini? Wakacheka kidogo, wakageuka, wakamsubiri. Twalibu alifungua mdomo. Alikuwa na maneno, hajawahi kuyakosa. Pembeni yake alisikia Stephano akipumua taratibu, anangoja kama wengine. Akafunga mdomo. Mtu akakohoa, mwingine akauliza bei ya kabichi Dar, wakaendelea.

Jumatatu Twalibu aliwahi. Akawasha, Mzungu akasema yuko tayari. Wateja wakarudi, benchi likajaa, Jesca akarudi kwenye fotokopi yake. Stephano aliingia, akafuta viatu mlangoni.

"Habari za asubuhi, Bwana Twalibu."

"Nzuri."

"Umeamka salama?"

"Salama."

"Kuna barua tatu hapa za mzee wa Kihonda. Ukipata nafasi, tafadhali."

Na ndivyo alivyokuwa tangu siku hiyo, adabu tupu, kama karani wa serikali. Hakuna aliyeweza kusema amekosa. Alimletea chai, alimshika mkono kuvuka barabara, aligawa mapato sawasawa. Jioni akaaga kwa jina.

Kila asubuhi, kabla ya wateja, Twalibu hufungua mafaili yote ya jana, moja baada ya jingine, akamwacha Mzungu asome mpaka mwisho. Nimepokea barua yako. Naomba uhamisho. Natumaini hujambo. Anasikiliza mpaka mstari wa mwisho na sahihi yake, akitafuta tusi, hata dogo, lililochomekwa mahali. Mzungu anasoma kilichopo.