Gobore Jipya la Merle

Mwanangu Curtis alilisema neno lake siku ya Sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba, bata mzinga akiwa bado mezani.

"Baba, mwaka huu utaingia msituni ukiweza kulijaza gobore mwenyewe, mbele yangu, bila mtu kukukumbusha. Ukishindwa, bunduki zote zinahamia kwangu."

Mume wangu Merle aliendelea kupaka siagi kwenye mkate wake. "Sawa. Na wewe ukishindwa, zako zinahamia kwangu?"

Tukacheka. Wakati ule tulikuwa bado tunacheka.

Kusahau kulimwanza mapema mwaka uleule, theluji ilipokuwa inayeyuka. Ufunguo wa trekta niliukuta ndani ya birika la kahawa. Jina la mbwa likampotea, akawa anamwita "wewe bwana". Lakini kulungu hakuwasahau. Huku vilimani kwetu Pennsylvania, Krismasi ikipita, unafunguliwa msimu wa gobore la gumegume tu, lile la kuwasha kwa jiwe, na Merle hajaukosa tangu tuoane. Mwanamume huyu hakuwahi kuniambia kwamba ananipenda, ila kila msimu ulipokaribia alisema, "Verna, nikatie vitambaa vyangu," nami nikaelewa.

Gobore la marehemu baba yake lilikuwa refu na zito, na mabega yake yalikuwa yamekwisha. Kwa hiyo tulikwenda dukani kwa Elwood kutafuta jepesi.

"Mzee Merle, chukua hili," Elwood akasema, akitoa la kisasa lenye darubini juu yake. "Na hili hata mama mkwe wako angeangusha dume."

"Mama mkwe wangu alikuwa na shabaha kuliko wewe. Na hilo halina jiwe. Unataka bwana nyama anikamate uzee huu?"

Akachagua polepole. Kila gobore alilibeba begani macho yamefumbwa, kisha akayafumbua kuona kama shabaha imekaa sawa na jicho lake. La tatu likakaa. Akaingiza ukucha kwenye kitundu cha pembeni, pale moto unapopenyea kuingia ndani, kuona kama ni safi. Akavuta jogoo la bunduki, ile nyundo inayoshika jiwe, akalifyatua tupu chini ya meza kwenye giza. Cheche zikaruka nyeupe, nyingi.

"Zingekuwa nyekundu ningekurudishia," akamwambia Elwood. "Nyekundu maana yake chuma ni laini."

Nikasimama pale na mkoba wangu nikijiambia: kichwa hiki ni kizima. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nyumbani akauosha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, kutoa grisi ya kiwandani, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Akalifunga jiwe upya kwa kipande cha ngozi ya kiatu kikuukuu, akalibana kwenye meno ya jogoo. Mimi nikakata vitambaa vya mviringo vya kuzungushia risasi kutoka kwenye ganda la godoro, lile la milia, nikavipaka mafuta ya kulungu. Nyuma ya ghala akajaribu vipimo vya baruti, kidogo kwanza, kisha akaongeza. Kila akipiga, anakwenda kuokota kitambaa kwenye theluji na kukikagua kama mama anavyokagua nepi. "Hiki kimeungua katikati. Baruti imezidi." Akapunguza. Risasi zilikuwa zinapiga chini ya alama, basi akakikwangua kile kichuma cha mbele cha kulengea kwa tupa, kidogo kidogo, mpaka matundu matatu yakakaa mahali ambapo kikombe changu cha chai kingeyafunika.

Curtis akaja Jumamosi. Merle alikuwa amevaa kofia yake nzuri.

Akafungua mfuko, akatoa kitambaa, akakilaza mdomoni mwa mtutu, akaweka risasi juu yake, akashindilia kwa mdeki, ule ufito wa gobore, mpaka chini. Akatia baruti kidogo kwenye kisahani cha nje, kando ya kile kitundu. Akalenga. Kisahani kikawaka, moshi ukampanda usoni, na mtutu ukanyamaza. Alikuwa ameshindilia risasi bila baruti chini yake.

Curtis akacheka kwa furaha kabisa. "Kavu! Baba, umeshindilia kavu! Miaka yote ukitutungia risasi shingoni kule klabuni!"

Ni kweli. Kwenye klabu yetu ya wawindaji anayeshindilia kavu hutungiwa ile risasi kwa kamba, akala nayo supu ya maharage mbele ya wote, na mfunga kamba siku zote alikuwa Merle. Hakuna mwanamume wa kilima hiki ambaye hajawahi kuivaa, ila yeye. Nami nikacheka, maana lilikuwa kosa la wazima.

Wakaichomoa ile risasi kwa skrubu. "Rudia tu, Baba. Hilo halihesabiki."

Merle akapima baruti, akaimimina mtutuni. Akatazama miti. "Upepo umegeuka," akasema. Kisha akachukua pembe ya baruti, akapima tena, akainua mkono kumimina.

Curtis akaushika mtutu. "Umeshatia, Baba."

"Sijatia."

"Umetia sasa hivi."

"Curtis, nilikuwa najaza magobore wewe ukiwa hujazaliwa." Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anavyouliza kama mvua imeanza. "Verna. Nimetia?"

Kipimo kile cha pili kingeweza kumpasulia chuma usoni.

"Umetia, Merle."

Kisha akamkabidhi Curtis gobore, akafungua pembe ya baruti begani, akamkabidhi na hiyo. Curtis akapakia kila kitu kwenye gari lake. Hakuondoka upesi. Alikaa ndani, injini ikiunguruma, paji la uso juu ya usukani.

Asubuhi ya kufunguliwa msimu nilimkuta Merle kibarazani kabla ya kupambazuka, suruali ya sufu, fulana ya wawindaji ya rangi ya chungwa, akipapasa ukuta pale tunapoachaga gobore ili lisitoe jasho kwa joto la ndani.

"Verna, liko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya Jumamosi. Sikuweza.

"Msimu umefungwa, mume wangu."

"Umefungwa?" Akafikiri. "Nilipata?"

"Ulipata. Jike nono."

"Nyama iko wapi?"

"Kwa Curtis."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaketi nimvue viatu. Nilikuwa kwenye kamba ya kiatu cha pili mlio ulipotoka mgongoni mwa kilima. Kwanza *fsss*, kisha kishindo.

Merle akainuka na kiatu kimoja. "Hiyo ni gumegume. Kuna mtu anawinda msimu umefungwa!" Akaelekeza kidole kilimani. "Mpigie bwana nyama. Mpigie sasa hivi, Verna, wezi hao watatumalizia kulungu."

Mwingine ukalia, upande wa mtoni. Na mwingine.

Nikaingia ndani, nikainua simu, nikaishika sikioni bila kubonyeza namba yoyote. Yeye akasimama mlangoni akinisikiliza. Nikaiambia ile simu jina letu, na barabara yetu, na kwamba mume wangu amesikia milio mitatu.

"Minne," akasema Merle, mwingine ulipolia. "Waambie minne."