Bahasha Nyekundu ya Mok Wing-tat

Kazi yangu ilikuwa kufa. Katika kila filamu ya kung fu aliyoiongoza Mok Wing-tat nilichomwa mkuki, nikatupwa ngazini, nikagaragara matopeni mpaka roho ikatoka. Waongozaji wengine wa Hong Kong walimmaliza adui kwa teke moja, haya, aje mwingine. Mok aliisogeza kamera mpaka usoni pangu.

"Mtu akifa bila kutazamwa," alisema, "hiyo si filamu, ni bucha."

Leo vijana wa Seoul na Tokyo wanaiga kifo changu na kupewa tuzo, hata jina langu hawalijui. Shauri yao.

Akishasema "Kata!", sikuinuka. Kwetu aliyeigiza maiti habanduki chini kabla mwongozaji hajamtia mkononi bahasha nyekundu ya pesa za kuondoa nuksi, kifo kisije kikamzoea. Wengine hutuma msaidizi. Mok alikuja mwenyewe, akainama.

"Haya, marehemu. Amka ukale."

Mwezi uliopita nilimkuta hospitalini, mifupa mitupu. Studio yake ilikwisha kubomolewa zamani, watu wanaanika nguo ghorofani pale tulipopigana. Nikamtolea bahasha nyekundu. Nilitaka ainuke, basi. Uzee una ujinga wake.

"Wewe, Sang, umekufa mara zote zile na hujajifunza?" Akacheka, akakohoa. "Bahasha ni baada ya kufa. Itunze. Siku ikifika usiniache nimelala."

"Sikuachi, Mwalimu."

Siku ikafika. Ukumbi wa mazishi wa Hung Hom ulijaa maua meupe na vijana waliotoka ng'ambo kumwinamia. Nilipolisogelea jeneza, binti yake Yuk-ling akanidaka mkono.

"Baba mdogo! Nyekundu ya sherehe msibani? Unatutakia nini?"

"Ni ya baba yako. Amemaliza kuigiza."

Yuk-ling alikulia kwenye seti zetu, anaijua bahasha ile. Mkono wake ukalegea.

"Mpe," akasema, akaanza kulia.

Nikaipenyeza kati ya vidole vya Mok. Vilikuwa vigumu, baridi. Nikainama kama alivyokuwa akiniinamia.

"Haya, marehemu. Amka ukale."

Nikangoja. Najua, najua. Nikangoja tu, mpaka Yuk-ling akanishika bega.

"Baba mdogo, sogea. Wanataka kufunga jeneza."