Mguu wa Mwajabu Mizanini

Usiku wa jana niliota kompyuta ya gari la marehemu mke wangu inaniomba chai.

Ni kile kisanduku kilicho chini ya dashibodi, kinachoiamuru injini inywe mafuta kiasi gani. Ndotoni nilikuwa nimekifungua ili nikiandike upya, gari lipate nguvu. Aliyeniomba kazi hiyo ni shemeji yangu Shekue, kaka wa marehemu. Anataka kulichukua, awe anapandishia mbolea Lushoto.

"Linapanda mlima kama bibi harusi anayetolewa ndani," alisema. "Litie nguvu, shemeji. Mwajabu harudi kuliendesha."

Nikakimiminia kisanduku chai. Kikanywa.

"Unaniongezea nguvu za farasi wangapi?" kikauliza.

"Ishirini."

"Na unachukua nini?"

"Sijajua."

"Basi twende tukapime."

Gereji inakuwa soko la mboga la Soni. Mizani ya viazi inaning'inia hewani, haijafungwa popote. Farasi ishirini wamepanga foleni, kila mmoja ana risiti mdomoni. Wanapanda sahani ya kushoto. Mmoja ananikanyaga, anaomba radhi.

Kisanduku kinapanda sahani ya kulia. Kinatoa kitu kidogo tumboni mwake, kinakiweka pembeni.

"Nini hicho?"

"Mguu wa Mwajabu," kinasema. "Miaka tisa, kila akilikaribia tuta la shule, aliachia pedeli ya mafuta hatua thelathini kabla. Hata Jumapili, hata shule imefungwa. Nikajifunza. Sasa ukiendesha wewe, nasita mwenyewe pale."

Ni kweli, gari husita pale. Mwaka mzima nimezilaumu plagi. Nimezibadilisha mara mbili.

Mizani inalala upande wa kulia. Farasi wote wamebaki juu, wanatafuna majani kimya.

"Nimepima," inasema mizani. "Ungeniuliza kabla hujaanza."

"Sijaanza."

Natazama mikono yangu. Waya umeshachomekwa. Kioo cha laptopu kinasema asilimia sitini.

Kila fundi wa kazi hii anajua: ukishaanza kuandika, huchomoi waya. Ukichomoa, kisanduku kinakufa na gari haliwaki tena. Ndiyo maana unasoma kwanza kilichomo, unahifadhi nakala, ndipo unaandika. Kazi hii nimejifundisha mwenyewe, mwaka wa kumi na moja sasa, na hatua hiyo sijawahi kuiruka.

"Uliweka nakala?" kinauliza kisanduku.

"Sikuweka."

"Haya." Hakinilaumu. "Sabini. Alikuwa anaimba akirudi nyuma kuegesha. Themanini. Alikuwa anapapasa usukani kabla ya kushuka, kama mtu anayemuaga ng'ombe. Tisini. Alikuwa..."

Kinakunywa chai kidogo.

"Samahani, fundi. Tulikuwa tunamzungumzia nani?"

Farasi wanashuka mizanini. Wanafuta kwato kwenye gunia, wanaingia ndani ya boneti mmoja mmoja. Wa mwisho ananitazama muda mrefu.

"Pole, baba," anasema, kisha anaifunga boneti kutokea ndani.

Nikaamka. Kumekucha, na Shekue anapiga hodi uani.

Laptopu ilikuwa ndani ya begi, zipu imefungwa. Waya ulikuwa drooni, umeviringwa nilivyouviringa mwenyewe juzi. Nikamwambia shemeji apande, tukalijaribu gari kabla sijaligusa.

Kwenye kilima cha kwanza alishika mkanda kwa mikono miwili.

"Ee bwana! Kumbe umeshalitengeneza, unanificha!"

Tulikuwa tunalikaribia tuta la shule. Nilikaza mguu palepale, nikasubiri. Hatua hamsini. Arobaini. Thelathini.

Gari halikusita.

Nikaachia mafuta mwenyewe. Tukapita tutani polepole, mbele ya geti lenye kufuli.

"Mbona unapunguza?" akauliza Shekue. "Si Jumapili leo?"