Noti Nne za Marsiana

Kwa wiki tatu Marsiana alikuwa akipiga noti zilezile nne kwenye gitaa: la, do, mi, so, kisha anarudi alikotoka. Daftari lake la muziki liliuita mkusanyiko huo wa noti, yaani kodi, A maina ya saba. Mjomba wake Castory, aliyemfundisha, hakuhitaji jina. “Usizikumbe zote kwa mkupuo,” alimwambia huku akichambua dagaa wake pale ufukweni Katonga. “Moja moja, mama. Kila noti isikike.”

Lukas, mpiga gitaa la solo wa kwaya yao ya kanisa, alikuwa amehamia Uvinza, na wimbo mpya ulianza kwa gitaa peke yake. Mwalimu Wilfred wa kwaya alisema wazi: Marsiana akishindwa kwenye mazoezi ya Jumamosi, ataazimwa kijana wa Ujiji, na Marsiana atarudi kuimba kwenye mstari wa soprano. Marsiana aliitaka nafasi ile kuliko alivyothubutu kumwambia mtu. Alijifungia chumbani na gitaa la umeme bila kulichomeka popote, kwa haya, majirani wasije wakamsikia akikosea. Ili ajisikie mwenyewe, alizivuta nyuzi kwa nguvu hadi kidole gumba kikaota sugu. Mkono wa kushoto haukukosea tena.

Jumamosi saa tisa alichomeka waya kwenye amplifaya ya kanisa, akaanza. La ilitoka kama bati linalong’olewa paani. Do na mi zikafuata zikikwaruza. So ikapiga ukelele. Waimbaji waliziba masikio.

“Dada Marsiana,” alisema Meshack wa gitaa la besi, “hapa si shamba la muhogo kule Simbo. Weka jembe chini!”

“Mwacheni jamani,” Agnesi akadakia, “ana hasira na Lukas.”

Kwaya nzima ikacheka. Mwalimu Wilfred alitoa simu mfukoni. “Basi, acha nimpigie yule wa Ujiji.”

Uso ulimwaka Marsiana. Siku nyingine angeaga kwamba anakwenda kunywa maji, asirudi. Lakini noti zilikuwa sahihi zote. Kilichozidi ni nguvu ya mkono wa kulia, uliozoea gitaa lisilo na sauti.

“Mwalimu, naomba nianze upya.”

“Umesemaje?”

“Nianze upya. Nimezoea bila spika.”

“Basi tupunguze sauti,” Meshack akasema, akinyoosha mkono kwenye amplifaya.

“Usiguse, kaka. Iache hivyohivyo.”

Meshack akaurudisha mkono.

Safari hii Marsiana aligusa nyuzi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu joto la uji. La ikatoka, ikakaa. Do. Mi. So ikaelea juu kidogo, kisha zote zikashuka taratibu. Akazunguka nazo mara ya pili, mara ya tatu. Hakuna aliyecheka. Mzunguko wa nne soprano wakaingia, wakiimba chini kidogo ili wamsikie.

Mwalimu Wilfred alirudisha simu mfukoni, akagonga meza.

“Alto! Gitaa limewaita, nanyi mmelala. Tunarudia.”